Nta Iliyokwama Forodhani

Asubuhi moja ya mwaka 1948, katika ghala la forodha Kilindini, karani Mwangi alilipiga nyundo bonge la nta ya nyuki. Likapasuka, mawe yakamwagika miguuni pake. Akapasua la pili. Mawe. Akafunga ghala, akaita polisi.

Nta ilikuwa ya Kadzo, mjane wa Changamwe. Alinunua masega kwa warina asali wa bara, akayayeyusha uani kwake, akagandisha nta ndani ya madebe na kuiuza Uingereza. Mzigo huu ulikuwa umekwama wiki nyingi. Sasa mwenyewe alikabiliwa na kifungo kwa kughushi bidhaa.

Kesi alipewa Sajini Ruwa wa kituo cha Changamwe, mtu asiyependa maneno mengi.

"Ukiulizwa," alimwambia Mwangi, "sema nta ina uchafu. Uchafu gani, usimwambie mtu."

Kisha akachunguza nusu ya bonge. Juu palikuwa na muhuri wa K. Mawe yalisongamana karibu kabisa na muhuri huo. Upande wa chini ulikuwa nta tupu, iliyopauka kidogo.

Kadzo alimpokea akiwa amejifunga leso kiunoni.

"Umekuja kunichukua, Sajini?"

"Nimekuja kuuliza. Nta yako imekutwa na uchafu."

"Majivu labda. Upepo ukivuma huyaleta. Lakini mimi huichuja mara mbili!"

"Muhuri unaupiga lini?"

"Ikianza kushika, ingali ndani ya debe. Ikishakuwa ngumu haukubali."

"Halafu?"

"Odhiambo huipeleka siku hiyo hiyo kwa lori lake hadi Likoni, kwa Bwana Garama, wakala wangu wa forodha."

"Likoni? Na bandari iko huku?"

"Husema ghala la forodha limejaa. Kila siku forodha wana neno, leo magunia hayafai, kesho mizani imeharibika. Nilichoka, nikaenda kuomba kibali cha kusafirisha mwenyewe, bila wakala."

"Garama anajua?"

"Nilimwambia usoni."

Odhiambo alikutwa na kipande cha nta chini ya kiti cha lori, na majirani walikwisha kumhukumu.

"Uchafu gani, mchanga?" aliuliza. "Mimi napakia na kupakua tu, afande."

"Na nta hii?"

"Ya kupaka uzi wa kushonea turubai. Mama Kadzo alinipa."

Ruwa aliupapasa mshono wa turubai, ukateleza vidoleni. Hata hivyo alimweka Odhiambo kituoni mpaka Kadzo alipothibitisha.

Alasiri alivuka Likoni na Kadzo na askari wawili. Garama alikaa karibu na Shelly Beach, ghala lake nyuma ya nyumba. Ruwa aliwaacha wenzake nje, akaingia peke yake.

"Pole na kazi, Sajini," alisema Garama akimvutia kiti. "Habari za yule mama zimenisikitisha."

"Umesikia nini?"

"Kwamba nta ina uchafu. Nilimwonya! Hawa wa biashara ndogo wana pupa. Mtu anatia mawe ndani ya nta, anadhani Wazungu hawana nyundo."

Ruwa alikisukuma kiti kando.

"Mawe?"

"Ndiyo, mawe."

"Odhiambo alidhani mchanga. Kadzo alidhani majivu. Wanaojua ni mawe ni Mwangi, mimi, na aliyeyatia."

Garama alijaribu kucheka. "Neno limenitoka tu. Mpishi wa nta ni yeye."

"Jiwe likitiwa katika nta ya moto huzama mpaka chini ya debe. Haya yako juu, karibu na muhuri. Aliyeyatia alilikuta bonge limeshaganda. Alilipindua, akalichimba toka chini, akajaza mawe kufidia uzito, akaziba kwa nta nyingine. Lori halikulala na mzigo huu njiani. Ulilala kwako."

Akawaita askari. Nyuma ya magunia ya nazi kavu walikuta pipa limejaa nta iliyochimbuliwa, na sufuria iliyogandiwa na nta iliyopauka.

Kadzo alisimama mlangoni. "Nilikukosea nini, Garama?"

"Ungepata kibali, wote wangekufuata," alijibu Garama. "Nani angenihitaji tena? Nilitaka forodha wakukatae, basi."

"Na mizani iliyoharibika? Magunia yasiyofaa?"

Garama alitazama sakafu.

"Forodha hawakusema hayo. Makaratasi yalitoka upesi, nikayakalia, ili muone kazi yangu ni ngumu."

Mwaka mzima Kadzo alikuwa akiwalaani watu wa forodha ambao hata hawakulijua jina lake. Askari walimpitisha Garama kando yake, na Kadzo hakugeuka kumtazama.

Kesho yake alikwenda Kilindini. Mwangi alimpa pole, lakini mabonge yaliyobaki hayangeweza kupakiwa bila kujulikana yana nini ndani.

"Basi vunja," alisema Kadzo.

"Yote, mama? Na meli inaondoka leo."

"Vunja yote, mbele ya macho yangu."

Mwangi alivunja. Mengine yalitoa mawe, mengi yalikuwa nta tupu hadi katikati, ya manjano, yenye harufu ya asali. Meli ilipopiga honi, Kadzo alikuwa amepiga magoti akikusanya vipande vizuri guniani, kwenda kuviyeyusha upya.

"Utamtuma nani safari ijayo?" Mwangi aliuliza.

"Nitakuja mwenyewe," alisema, akafunga gunia. "Niandikie jina langu mahali ambapo utaliona."