Nuru Nyekundu kwenye Mtego wa Senene

Chupa yenyewe ya dawa ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba, na asubuhi ile haikuwepo. Kufuli la karakana ya utafiti pale Kanoni lilikuwa zima. Kompyuta tatu zilikuwa mezani. Mashine ya leza nayo haikuguswa.

"Mwizi gani huyu anaacha kompyuta?" Inspekta Evaresta alimuuliza mwenye karakana, Daktari Kokuhirwa.

"Ndicho kinachonitisha, afande. Ile dawa ina kadimiamu. Ni sumu. Ikiingia tumboni, figo zinaharibika."

"Ilikuwa ya kazi gani?"

Daktari aliwasha leza. Kwenye skrini mstari ukalala tuli. Kisha akaweka, kati ya ncha mbili za uzi wa kioo unaopitisha mwanga, utando mwembamba uliopakwa tone la dawa ile ile kabla haijaibiwa. Mstari ukavunjika, ikasimama miiba yenye nafasi sawasawa, kama meno ya kitana.

"Kila mwiba ni pigo moja la mwanga. Mamilioni kwa sekunde. Ndani ya dawa mna chembe tunazoziita nukta za kwanta. Mfikirie mnywaji wa rubisi. Vibuyu vya mwanzo anameza vyote. Akishajaa, kinachofuata kinampita tu. Chembe hizi ndivyo zilivyo. Mwanga hafifu zinaumeza. Mwanga mkali unazijaza, unapita, pigo kwa pigo."

Evaresta, binti wa Muleba aliyekwisha kuona maiti na majambazi wa kila namna, alijikuta ameshika mdomo. Kitu kisichoonekana kwa macho kinaupangia mwanga foleni. Alisimama pale akiitazama ile miiba kama mtu aliyesahau kilichomleta. Kisha akakohoa kidogo.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, na Rogasian, fundi wetu wa umeme. Leo hajafika."

"Aliwahi kuiona dawa hii?"

"Siku ya wageni niliimulika kwa tochi ya zambarau. Inawaka nyekundu kama kaa la moto. Wengine waliuliza bei. Yeye aliuliza kama wadudu wanaipenda."

Ilikuwa Novemba. Kwa mtu wa Muleba, hilo lilitosha.

"Senene," alisema Evaresta. "Chukua hiyo tochi, Daktari. Twende."

Nyumbani kwa Rogasian, Isingiro, mtego ulikuwa nyuma ya migomba: taa kubwa juu ya mti, na mabati yameinamishwa ili panzi hao wa kuliwa wateleze wadondokee kwenye mapipa. Evaresta alifunika bati moja kwa turubai, akaingiza kichwa na tochi.

Bati likawaka jekundu. Lilikuwa jambo zuri kupita kiasi, na moyo wake uliruka. Halafu akakumbuka senene walioteleza juu yake, na watu ambao wangewala.

Barazani bibi mmoja alikuwa na ungo mapajani, akinyonyoa senene mabawa. Ma Anonciata, mama yake Rogasian.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, waitu."

"Umewaonja?"

"Niwaonjeje wakiwa na miguu? Hata sufuria haijabandikwa."

Evaresta alishusha pumzi. Aliifunika mikono ya bibi kwa koti lake, akamulika ndani yake. Vidole kumi vikawaka. Ma Anonciata alivikodolea macho kana kwamba si vyake.

Rogasian alitokea mlangoni na sufuria. Aliwaona, akaiweka chini taratibu.

"Chupa iko wapi?"

"Tupu, afande. Nilipaka mabati."

"Kwa nini?"

"Misimu miwili senene wamepita juu bila kutua hapa. Mama hali chakula. Uji anausukuma, ndizi anazisukuma. Anataka senene wa kwake, awanyonyoe mwenyewe. Wa sokoni anawasusa. Nilipoiona ile nuru, nikasema kwa hii watashuka."

"Ni sumu, Rogasian. Ungemuua."

"Sikujua. Nilidhani rangi." Alinyoosha kidole nyuma ya migomba. "Lakini walishuka, afande. Mapipa mawili."

Daktari Kokuhirwa alitikisa kichwa. "Bila tochi ya zambarau haiwaki. Usiku kucha bati lako lilikuwa bati tu."

"Jana walianguka hata uani kwetu kituoni," alisema Evaresta. "Walijaa mpaka Kaisho. Wangekuja tu."

Rogasian aliketi chini palepale. Mama yake aliusukuma ungo mbali, kisha akabaki ameinyoosha mikono mbele, hajui aiweke wapi.

"Uko chini ya ulinzi," Evaresta alimwambia Rogasian, na pingu akaziacha kiunoni. "Lakini kwanza leta maji na sabuni. Umwoshe mama yako."