Bata Aliyejipandisha Bei

Aikande alikuwa na bata. Bata mnene, mweupe, mwenye maringo. Jina lake Madaha.

Aikande alimpenda Madaha kuliko chapati. Na chapati alizipenda kwelikweli!

Ikafika Jumapili ya mavuno. Watu wote walibeba sadaka. Ndizi, viazi, mayai.

"Chukua boga hili, mwanangu," akasema Mama.

"Boga silipendi, Mama. Yesu nitampa Madaha."

"Madaha wako? Hutalia?"

"Nitalia. Lakini nampenda. Ndiyo maana namtoa."

"Kwaa!" akasema Madaha. Akaoga. Akavaa tai ya Baba.

Pwata, pwata, pwata! Wakaenda kanisani. Kwaya ikaimba. Madaha akaimba besi.

Baada ya ibada, mnada ukaanza uwanjani. Sadaka zote huuzwa hapo. Anayetoa zaidi ndiye anayechukua.

Mzee wa kanisa akamwinua Madaha juu. "Haya, bata huyu! Nani anamtaka?"

"Mimi!" akasema Bwana Ndelilio. "Natoa mkungu wa ndizi!"

Lo! Bwana Ndelilio anapenda supu. Asubuhi supu, jioni supu.

Maskini Aikande! Moyo ulimpiga du, du, du.

"Nani anaongeza?" akauliza mzee wa kanisa.

"Kwaa!" akasema Madaha.

"Bata ameongeza!"

"Mkungu na gunia la viazi!" akasema Bwana Ndelilio.

"Nani anaongeza?"

"Kwaa!"

"Mkungu, viazi na mbuzi!"

"Nani anaongeza?"

"Kwaa! Kwaa!"

"Mchungaji!" akalalamika Bwana Ndelilio. "Bata anajinunua!"

Mchungaji akakuna kichwa. "Mbona hakuna sheria inayomkataza?"

Ndipo Bibi Manka akanyoosha mkono. Bibi Manka anaishi peke yake. Hana hata paka wa kumwambia "lala salama".

"Mimi nina yai moja tu," akasema. "Basi, nalitoa."

"Ametoa vyote alivyo navyo, hakuna zaidi ya hapo!" akasema Mchungaji.

"Nani anaongeza?"

Madaha alifunga mdomo.

Bwana Ndelilio akafungua wake. Madaha akamkazia macho. Bwana Ndelilio akaufunga.

"Bata ni wa Bibi Manka!"

Pwata, pwata, pwata! Madaha akapanda mapajani kwa Bibi. Bibi Manka akacheka mpaka kilemba kikamvuka.

Aikande akasogea. "Shikamoo, Bibi. Anapenda kukunwa shingo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitamkuna mpaka asinzie."

Aikande akalia kidogo. Halafu akamwona Bibi anavyofurahi. Akacheka, akarukaruka, akacheka tena.

Jioni Mama akamfunika blanketi.

"Mama, Yesu amefurahi?"

"Amefurahi sana."

"Na mimi pia! Jumapili ijayo nitatoa tena. Nitatoa ninachokipenda sana, sana, sana."

Akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akamgeukia Baba, aliyesimama mlangoni.

Baba akaingia uvunguni mwa kitanda. Chap!

"Nakupenda, Baba," akasema Aikande.

"Hapo ndipo ninapoogopa!" akajibu Baba.