Maneno Matatu kwa Mzee wa Kichuguu

Asubuhi ile Marcela, shangazi yake mama yangu, alifua mashuka ya watu, akayaanika, akapika wali mtamu wa tui na sukari guru, akaufunga kwenye jani la mgomba pamoja na yai la kuchemsha. Ilikuwa siku ya kawaida pale kijijini kwetu San Telmo, ila tu askari arobaini wa Kihispania walikuwa wamejifungia kanisani, na huo ulikuwa mwezi wao wa saba.

Himaya yao ilishakufa. Bendera imeshushwa Manila, mji wetu mkuu, wakubwa wamepanda meli wakaenda zao. Waasi wetu waliwarushia magazeti wajisomee wenyewe. Kapteni Armengol, mtu wa masharubu mengi na akili chache, akasema ni ya kughushi, akayapeleka chooni. Sijui alikuwa analinda nini, labda panya.

Humo ndani alikuwemo Tiburcio, mdogo wake Marcela, waliyemshika kwa nguvu awapikie. Chini ya dirisha la kanisa palikuwa na kichuguu, na kwetu hapiti mtu kichuguu bila kumwomba radhi mzee asiyeonekana akaaye ndani yake. Kapteni alicheka hadi akakohoa, kisha akamwamuru Tiburcio akimwagie maji ya moto. Tiburcio akamwaga. Tangu siku hiyo miguu yao ikaanza kuvimba. Uvimbe ukifika moyoni, mtu anazikwa. Walishazikwa kumi na mmoja.

Adhuhuri Marcela akaenda hadi chini ya dirisha lile na chakula chake, kitambaa cheupe mkononi.

"Tibu, miguu vipi?"

"Imevimba hadi mapajani, dada," Tiburcio akanong'ona. "Sidhani kama nitafika Jumapili."

"Mwambie huyo bwana wako aombe radhi. Maneno matatu tu: babu, nimekosa, nisamehe."

Masharubu yakatokea dirishani. "Mimi? Afisa wa Hispania nibembeleze mchwa? Nenda kafue, mama!"

Akamwelekezea bunduki.

Marcela akapiga magoti kwenye kichuguu. Akaweka wali na yai.

"Babu, utuwie radhi," akanong'ona. "Mkono ulikuwa wa Tibu. Amri haikuwa yake. Mwenye amri yuko pale juu."

Akangoja risasi. Haikuja.

Ndege wakanyamaza. Udongo ukapumua chini ya viganja vyake. Akatazama jani. Wali haukuwepo. Ganda la yai lilikuwa zima, bila ufa, na ndani hamna kitu.

Akainua macho. Dirisha lilikuwa tupu.

Ndipo mayowe yakaanza kanisani. Mlango ukafunguliwa na wale mashujaa wa himaya wakatoka wakitambaa, wakiwalilia mama zao. Nyuma yao alikuja Tiburcio, anatembea wima, miguu myembamba kama zamani.

"Kapteni yuko wapi?" Marcela akauliza.

"Alikuwa amesimama dirishani, dada. Mara hayupo."

Buti zake zilikuwa pale pale, zimekazwa kamba. Zilijaa udongo hadi juu, nao ulikuwa na mchwa.

Masika yaliyofuata kichuguu kilikua kimo cha mtu, na kileleni kikatokeza kifungo cha shaba cha koti la afisa. Marcela alikipita kila siku kwenda mtoni, akiomba radhi kwa mzee wake. Na kila siku, chini kabisa, sauti ya Kihispania ilimjibu: babu, nimekosa, nisamehe. Babu, nimekosa, nisamehe.

Marcela aliisikia vizuri sana. Akajitwisha kapu lake, akaenda kufua.