Benchi la Mti wa Mizimu

Jioni ile nilitoka kumtafuta mwanangu Alois aje kula. Ugali ulishapoa. Nilijua alipo, ila nilikuwa najidanganya tu.

Enzi zile za Mjerumani, shule ya misheni ya kijijini kwetu, huku juu Uluguru, haikuwa na pa kukalia. Kaka yangu Hatibu, mkuu wa ukoo, akaruhusu mti mmoja ukatwe kwenye msitu wa mizimu. Alinyunyiza unga, akaomba kwanza kama desturi. Likachongwa benchi moja refu. Watoto wakalikalia, Alois wangu akiwemo, wakasoma, wakamaliza. Mmoja akawa karani Morogoro, wengine walimu. Tulitamba, usiombe.

Kisha wakaanza kurudi. Mmoja mmoja, watu wazima, wanapita milangoni kwao bila hata shikamoo, moja kwa moja msituni. Wazazi tukalichoma lile benchi, tukasema yamekwisha.

Mchana wa siku ile Alois naye akaacha jembe shambani...

Msituni hapakulia hata mdudu. Palinuka mbao mbichi. Niliwaona pale mti ulipokatwa, safu moja, migongo imenyooka, mikono magotini. Karani na kanzu yake nyeupe. Walimu. Mwanangu mwishoni.

Wamekaa.

Chini yao hapakuwa na kitu.

Nilimvuta Alois mkono. Nikamvuta kiuno. Nililia, nikamtukana, nikamvuta tena. Hakutikisika.

"Dada, mwache," Hatibu alininong'oneza nyuma yangu.

"Kaka, siku ile ya unga uliwaambia nini wazee wetu wa kuzimu?"



"Sikuwa na mbuzi wa shukrani. Nikasema... watoto watakuja kuwashukuru wenyewe."

"Mpaka lini?"

"Sikusema, dada."

Nilitaka kumpiga. Nitampiga, halafu iweje?

Alois akageuza shingo, polepole. Akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni. Akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Karibu, mama."

Mimi shule sikuingia hata siku moja. Lakini nilishachoka kuvuta, giza lilikuwa linashuka, na sina mtoto mwingine. Hatibu aliniita kwa jina langu la utotoni. Nilimsikia vizuri.

Nikajishusha taratibu kando ya mwanangu.

Sikuanguka.