Debe la Maziwa ya Mbu

Hivi wewe, umewahi kusema neno la moyoni, neno lililokunyima raha siku tatu, halafu uliyemwambia akashika mbavu na kucheka? Kama halijakupata, mshukuru Mungu. Lilimpata Abasi, Mzaramo wa Kisarawe, alipokuja Tabora masika ya mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Na kama ungemuuliza Zamda binti Shaban, angekuambia yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Zamda alikuwa na cherehani yake barazani, ng'ambo ya stendi ya mabasi, mahali pa kelele tupu. Makuli wanapakua magunia ya mpunga wa Igunga, mama wa karanga anaita wateja, basi la Urambo linapiga honi na haliondoki. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kitenge la maua ya manjano, mkono mfupi, na kitambaa cheupe kichwani. Anashona sare ya shule, kichwa chini, akasikia mtu anabisha.

"Hodi, fundi. Ukanda wa shanta umekatika. Unashoneka?"

Akamtazama kuanzia chini. Raba zilizokuwa nyeupe zamani, suruali ya kaki, shati la drili lenye chumvi ya jasho, kofia ya ukindu, na mgongoni shanta kubwa kama mtoto wa miaka sita.

"Umetumwa na nani na mzigo huo?"

"Sijatumwa. Natembea tu. Mimi nafanya kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha chapa Dar es Salaam, nimepewa likizo. Naifuata njia ya misafara ya zamani, Bagamoyo mpaka Ujiji. Penye basi kwa basi, penye mto kwa mashua."

"Mtu mzima, na akili zake, anabeba mzigo bila kutumwa. Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

Mguu wa Zamda ukaacha kanyagio. Akageukia mlangoni, uso umeng'aa. "Shangazi, njoo uone. Mzaramo amekuwa mpagazi."

Mambo haya yana asili yake. Wazee wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba pembe na nta kwenda pwani, walipita Uzaramoni. Walikula huko, wakalala huko, wakagombana, wakauguzana na kuzikana, na mwisho wake ukawa utani. Mtani anaweza kukuvua kofia njiani. Anaweza kukuambia una sura ya mwiko uliovunjika, akamwita mkeo mke wake na wewe umesimama hapo. Ukikasirika, umeshindwa.

Basi shangazi Kuluthumu, dada yake Mzee Shaban, aliyemlea Zamda tangu mama yake afariki, akatoka na unga mikononi. Hata salamu hakutoa. Akaipokonya ile kofia ya ukindu akaivaa yeye.

"Hongo," alisema. "Msafara haupiti hapa bila hongo."

Abasi akafungua shanta, akatoa nazi mbili.

"Nazi mbili kwa Unyanyembe nzima?"

"Zilikuwa nyingi, bibi. Wapagazi wenu walizimaliza kwetu. Walipoiona bahari walilia, wakidhani mbingu imeanguka, tukawa tunawabembeleza kwa nazi."

Shangazi alicheka mpaka unga ukamwagika. Kuanzia hapo nyumba ile ikawa nyumba yake.

Alikusudia kukaa siku mbili. Mvua ikakata njia ya Urambo, akakaa tisa mpaka ipitike, amepanga chumba kwa Mzee Yahaya, jirani. Na katika siku hizo shanta lile halikuwa na bahati. Siku ya kwanza ukanda, ya pili mfuko, ya tatu kifungo. Siku ya nne Zamda akainua kitambaa kwenye mwanga.

"Mtani, mpasuko huu umekatwa kwa wembe."

"Panya wa Tabora," alijibu Abasi, "wananyoa ndevu."

Zamda akainamisha kichwa ili asionekane anavyotabasamu.

Walikwenda kwa baiskeli mpaka Kwihara kuona matembe, nyumba za udongo za enzi za misafara. Abasi aliuliza kila kitu akaandika kwenye daftari: jina la mti, jina la mboga, kwa nini nsansa, ile mboga ya majani makavu, hupikwa kwa karanga. Njiani mnyororo ulitoka, wakakaa ukingoni mwa barabara kuurudisha, mikono yao yote imejaa grisi.

"Zamda," alisema Abasi. Siku zote alimwita mtani.

Na badala ya kunyamaza asikie, ulimi wa Zamda ukamtangulia: "Nini, umechoka? Nikubebe?"

Abasi akacheka, neno likapotea hapo barabarani.

Hiyo ndiyo taabu iliyomkaa. Kila jioni Abasi angepita barazani na kusema, "Mke wangu, kesho nipikie nsansa," naye angejibu, "Mume wangu, tanguliza kuni," na stendi nzima ingecheka. Lakini "mke wangu" alimwita shangazi pia. Alimwita na yule mama wa karanga mwenye vitukuu. Zamda alikanyaga cherehani akijiuliza lipi la kweli na lipi la mchezo. Angempenda mtu wa Usoke au wa Ipole, angejua. Mtu wa kwao akisema nakupenda, amesema. Mzaramo akisema, unamwelewa vipi?

Mwisho wa juma akaenda Igunga kwa lori kupeleka sare. Aliporudi Jumapili alikuta kiti cha Abasi kitupu na shangazi anachagua mchele huku mabega yanatikisika.

"Mtani wako ametuvunja mbavu, mwanangu. Juzi kamtuma Yahaya na barua ya posa. Posa kabisa, bahasha nyeupe, na kilemba cha baba yako ndani ya karatasi. Sijaona utani wa namna hiyo. Na barua yenyewe imeanza hivi: 'Naandika haya bila utani.' Hapo ndipo nilipoanguka chini."

Zamda akatua kapu. "Ukajibu nini?"

"Nikajibu inavyostahili. Baba yako alikuwa msikitini. Nikamwambia Yahaya, nenda umwambie, mahari yetu ni debe moja la maziwa ya mbu, na ngozi ya konokono ya kukalia wakwe."

"Naye?"

"Alikuja mwenyewe jana asubuhi na shanta mgongoni." Mikono ya shangazi ikapunguza mwendo kwenye ungo. "Hakucheka. Akasema, shikamoo shangazi. Akaenda kupanda basi."

"Alikuamkia shikamoo?"

Siku tisa yule kijana hakuwahi kumwamkia. Alimwita mchumba, alimwita kizee, alimwita mtungi. Ungo ukatua chini polepole.

"Mama yangu," alisema shangazi. "Ilikuwa kweli."

Mzee Yahaya, alipoulizwa, akakiri naye alicheka njia nzima akipeleka jibu. Abasi amekwenda Ujiji, alisema, atashukia nyumbani kwa Bi Amne, anayepangisha wageni. Ijumaa meli inaondoka Kigoma kwenda kusini, naye atapanda, arudi Dar kwa njia ya Mbeya. "Alisema hataki kupita Tabora tena. Nikadhani utani."

Treni pekee ya Kigoma kabla ya Ijumaa ilikuwa ya kesho alfajiri, na Zamda akaiacha ipite, kwa sababu aliitegemea simu. Jumanne asubuhi, akihesabu Abasi ameshafika, alikuwa Posta amevaa khanga mpya, kama vile simu inaona. Opareta akaita duka lililo jirani na Bi Amne, mtu akakimbizwa kumtafuta Abasi, na sauti ikaja imebebwa na mvumo wa waya.

"Haloo, nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Zamda."

Abasi akacheka, kicheko kikavu kama ganda la karanga. "Mtani. Waambie wakwe wasubiri. Mbu wa huku wamekonda, debe halijafika robo."

Zamda alikuwa na maneno yake. Aliyapanga tangu juzi, akayarudia njiani. Lakini nyuma yake watu watatu wamesimama foleni, masikio wazi, na opareta anasikika anapumua kwenye waya. Na mdomo wake, uliofunzwa tangu utoto kwamba mtani hujibiwa, ukajibu:

"Umekamua madume, ndiyo maana."

Opareta akacheka. Foleni ikacheka. "Dakika tatu zimekwisha," sauti ikasema, na waya ukafa.

Zamda alitoka Posta akijifinya mdomo kwa vidole.

Baba yake, Mzee Shaban, alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache. Alikuwa na misumari midomoni. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, akaitema mmoja mmoja kiganjani.

"Unamtaka?"

"Namtaka, baba."

Mzee akamgeukia dada yake. "Aliyemwaga maji ndiye anayekwenda kisimani. Kuluthumu, jifunge khanga, umpeleke."

"Kaka, huko kuna mto."

"Ndiyo, upo."

Zamda alijishonea mkoba wa turubai wenye mikanda miwili, akauvaa mgongoni, na saa saba walikuwa ndani ya basi. Kondakta akawaona. "Wanyamwezi na mizigo," alisema, "mnakwenda Bagamoyo? Njia ni kule." Basi likacheka. Lilibeba majembe mapya ya kijiji cha ujamaa, yamefungwa mafungu mafungu katikati ya viti, na kila shimo yakalia kama kengele. Usoke harufu ya tumbaku iliyokaushwa ikaingia madirishani, nzito na tamu. Mbele kidogo watu wa kijiji walikuwa shambani, mstari mrefu, wanalima na kuimba, na dereva akapunguza mwendo ili abiria nao waitikie. Walilala kwenye mji mdogo, kwa mjane mmoja aliyewapa uji wa ulezi, wakaendelea.

Mto Malagarasi walikuta umetanuka, barabara imezama. Basi likageuza. Abiria waliokwenda Kigoma wakapakiwa kwenye motaboti la ushirika wa wavuvi, lenye mashine inayokohoa, lishuke na mto mpaka lilipo lori. Shangazi alikaa katikati kabisa, kashika mbao huku na huku, anasoma Yasini kwa sauti.

"Shangazi, legea kidogo."

"Nikilegea mimi, chombo kinapinduka." Akafumbua jicho moja. "Kile kinachopumua kule ni nini?"

"Kiboko," alijibu nahodha, "lakini ameshakula."

"Mwanangu, sikia. Ukimkosa huyo mtu, mimi sirudi na kitu hiki. Naolewa hukohuko."

Hata yule nahodha alipoteza usukani kwa kicheko. Kisha mashine ikazimwa ili chombo kielee penye upenyo mwembamba wa mafunjo, na kimya kikashuka. Maji ya rangi ya chai. Ndege wadogo wa bluu wakiruka bua hadi bua. Zamda akatoa ile barua, ambayo shangazi alimpa kwa aibu, akaisoma. Akaikunja. Akaifungua tena. Alielewa hapo, mkoba ukimkaa mgongoni, kwa nini mtu anaweza kusafiri bila kutumwa. Na yeye, akawaza, nani aliyemtuma?

Alhamisi alasiri lori likawashusha Ujiji. Mji umetulia, vumbi jekundu, michikichi, harufu ya mawese na dagaa. Kwa Bi Amne palikuwa na ua uliofagiwa, na katikati ya ua, juu ya mkeka, Abasi amepiga magoti anafunga shanta.

Akainua uso. Aliyaona matope ya gauni, akauona mkoba mgongoni mwa Zamda. Midomo yake ikafunguka. Lakini shangazi Kuluthumu, maskini, hofu na aibu vilimchanganya akashika chombo alichokizoea, utani.

"Mzaramo, tumefuata maziwa yetu."

Abasi akavuta ukanda wa shanta. "Mmechelewa. Yameganda, nimeuza jibini."

"Na ngozi ya konokono?"

"Konokono amekimbia, anakwenda mbio kuliko Mnyamwezi."

Zamda aliwaangalia, huyu anarusha, yule anadaka, na akaona kabisa jinsi gurudumu lile litakavyozunguka mpaka jua lizame, na kesho meli iondoke, na kila mtu awe amecheka.

Bi Amne alikuwa jikoni anasikia yote. Mwanamke mnene, mwenye nywele nyeupe, kitambaa cha zambarau kiunoni. Akatoka, akaweka sinia chini kwa kishindo.

"Nyamazeni," alisema. "Kijana huyu yuko kwangu siku ya nne, hali chakula. Mimi kwetu ng'ambo ya ziwa. Sina utani na Mnyamwezi, sina utani na Mzaramo. Neno likisemwa mbele yangu ni neno. Mwenye nalo aniambie mimi, na huyo mwingine atasikia."

Shangazi akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Abasi akasimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza.

Zamda akavua mkoba, akautua. Akapiga goti mbele ya Bi Amne. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Mama, kuna barua ilikuja kwetu. Imeandikwa bila utani, na sisi tukaicheka. Mimi sikuwepo. Ningekuwepo, nadhani ningecheka pia, kwa uoga."

"Uoga wa nini?"

"Wa kujibu ndiyo, kisha nimwone yeye ndiye anayecheka."

Abasi akapiga hatua moja. "Zamda."

Safari hii ulimi wa Zamda haukumtangulia. Aliinuka, akajikung'uta magoti, akamgeukia.

"Abasi," alisema, "nataka unioe."