Ngamia Thelathini wa Mto Mkavu

Enzi za ukame ule mkuu, kabla ya reli kufika katikati ya nchi ya Australia, palikuwa na kijiji cha nyumba sita kiitwacho Mto Mkavu. Kaskazini kilipakana na vilima vya mawe mekundu. Kusini ilikuwa chumvi tupu hadi upeo wa macho. Mto wenyewe ulipitisha maji mara moja tu kila miaka saba. Kilichowaweka watu pale ni kisima kimoja tu.

Huko ndiko alikofika Durrak bin Shahdad, Mbaluchi kutoka Makrani, ng'ambo ya bahari, kilemba kichwani na jambia kiunoni, akiongoza ngamia thelathini waliobeba unga ulioagizwa na kijiji. Ngamia walikuwa na siku kumi na moja bila maji, na kisima kilichofuata kilikuwa mwendo wa siku nane. Bila kunywa hapo, wangekufa njiani. Mlangoni pa ua wa kisima alisimama Bwana Pringle, tajiri wa mifugo, bunduki mkononi.

"Ngamia hawanywi hapa. Farasi wangu wakisikia harufu yao hawagusi maji. Shusha unga, ushike njia yako."

"Bwana, kwetu mzigo haushuki kabla mnyama hajanywa," alijibu Durrak. "Baba yangu hakuivunja ada hiyo, nami siivunji kwa ajili ya bunduki."

Akawapigisha ngamia magoti juani, magunia yakiwa mgongoni, akaketi mbele yao. Pringle akafyatua risasi, vumbi likamrukia Durrak usoni. Aliogopa, tena sana, lakini hakuinuka.

Hata adhuhuri, milango ya kijiji ikafunguka. Watu walikuwa wiki mbili bila mkate. Bi Agnes, mjane mwenye duka, alitangulia na ndoo, wanawake wenziwe nyuma yake.

"Nipige mimi basi," alimwambia Pringle, akampita. "Maji haya marehemu mume wangu alionyeshwa na wenyeji wa nchi, na wao hawakumwuliza anafuga nini."

Bunduki ikashuka. Ngamia wakanyweshwa kwa ndoo, mmoja baada ya mwingine, hadi wa thelathini. Ndipo Durrak alipofungua kamba ya gunia la kwanza.

Ramani ya serikali ilikiandika kisima kile kwa jina la Pringle. Lakini nje ya ua lingalipo hori la mawe alilolijenga Durrak safari iliyofuata, na mwaka haukuisha kabla farasi wa Pringle hawajaanza kunywa humo, baada ya ngamia.