Taulo la Kufunga Kazi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaketi kwenye kiti cha kuzunguka, Mbishi alikuwa ameshafagia kibanda cha baba yake, amefuta kioo na kupasha maji. Jina la Mbishi alipewa na baba yake mwenyewe, na kwa kweli lilimfaa. Binti huyo akishika jambo, haachii.

Baba alikuwa kinyozi, tena wa kusifiwa. Vinyozi wengine walinyoa wakamaliza. Yeye alikuwa na kitu alichokiita "kufunga kazi". Akishazima mashine, alichovya taulo jeupe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akalikamua, akampangusa mteja uso mzima, macho kwa masikio. Kisha taulo lile lile likarudi kwenye beseni kumngoja mwingine. Hata fundi viatu wa jirani, mwenye kipara kinachong'aa, alikuja kila jioni kupanguswa tu.

"Nywele sina, lakini uso ninao!" alisema, na watu wakaangua kicheko.

Shule zilipofunguliwa, rafiki yake Mbishi aliyeketi naye dawati moja alikuja macho yamevimba, mekundu, yamejaa matongo. Keshoye wakawa wengi. Muuguzi akaja, akawapa dawa na kuwarudisha nyumbani hadi wapone.

"Vijidudu vya magonjwa havina miguu," mwalimu aliwaambia waliobaki. "Vinabebwa. Vingine hubebwa na hewa mtu akikohoa, vingine na maji machafu, vingine na mbu. Hivi vya macho hubebwa zaidi na mikono na vitambaa. Ukiona watu wameugua pamoja, jiulize: wote wamegusa nini?"

Mbishi akatazama madawati yaliyobaki wazi. Huyu wa pale alinyolewa Jumamosi. Yule wa dirishani pia. Wote walitengenezwa vichwa kwa baba yake kwa ajili ya kufungua shule, na nywele zao alizifagia yeye mwenyewe! Mwalimu alipomaliza kipindi, Mbishi alimwomba kipande cha chaki nyekundu.

Alasiri alikwenda kibandani moja kwa moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Baba, nadhani macho mekundu yanatoka hapa kwetu. Kwenye taulo."

Baba alichungulia nje haraka, asije mtu akawa amesikia. "Shika adabu yako! Neno hilo likifika mtaani, nani atakanyaga hapa tena? Wewe na mdogo wako mtakula nini? Na maji yenyewe si nayapasha?"

"Unayapasha, lakini hayachemki. Yangechemka, nani angevumilia usoni?"

"Haya, umeanza ubishi wako!"

Maneno hayo yalimuuma. Alijua baba analipenda taulo lile, na alijua kibanda kile ndicho kinachowalisha. Lakini alimkumbuka pia rafiki yake wa dawatini, alivyoongozwa kwa mkono kama asiyeona.

"Baba, niruhusu nikuonyeshe mara moja tu. Nikikosea, sitalitaja tena."

Alisaga chaki, akajipaka unga wake mashavuni, akaketi kwenye kiti. "Nifungie kazi."

Baba alimpangusa huku akitikisa kichwa, akalisuuza taulo kwenye beseni, akalikamua kama kawaida yake. Kabla hajaliweka, fundi viatu aliingia.

"Leo vumbi limenikomesha. Nipanguse, ndugu yangu!"

Baba akampangusa. Fundi viatu akageukia kioo, akaruka. "Lo! Nani kanipaka rangi? Mke wangu ataniuliza nimetoka wapi!"

Hakuna aliyecheka. Kipara na mashavu yake vilikuwa na michirizi ya waridi. Maji ya beseni yalikuwa ya waridi. Baba akatazama viganja vyake, navyo vilikuwa hivyo hivyo.

"Na vijidudu havina rangi, baba," Mbishi alisema taratibu.

Baba aliketi kwenye kiti cha wateja. "Watoto wa watu," alisema. "Watoto wa watu, jamani."

Asubuhi alivaa shati lake zuri akafuatana na binti yake shuleni. Mbele ya mwalimu, muuguzi na wazazi waliokuwa wamekuja kuulizia ugonjwa, alisema, "Taulo langu ndilo lililowaambukiza watoto wenu. Sikujua. Sasa najua, na nitarekebisha kosa langu." Wengine waliguna. Mama mmoja alimgeuzia mgongo. Baba akamwomba muuguzi amfundishe la kufanya.

Jumamosi iliyofuata kibanda kilikuwa kingine. Nje, mataulo madogo madogo yaliyochemshwa kwa sabuni yalikuwa yakikauka juani, kila mteja na lake. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni. Lakini wateja hawakuja. Mbishi alifagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja, akafagia tena.

Jioni akatokea fundi viatu, taulo lake la kijani begani. "Nimekuja na langu. Haya, mikono umenawa?"

Nyuma yake alikuja yule mama aliyegeuza mgongo, amemshika mkono mwanawe, yule rafiki wa dawatini. Macho ya mtoto yalikuwa meupe, yamepona.

"Mnyoe," mama alisema. "Kinyozi anayetangaza kosa lake mwenyewe ndiye nitakayempa kichwa cha mwanangu."

Baba alinyoosha mikono, Mbishi akamfungulia maji. Alijisugua kwa sabuni hadi katikati ya vidole.

"Mwanangu," alisema, "niliwapangusa watu kwa upendo, nikawapa ugonjwa. Vijidudu havijali kama mkono una nia njema. Mkono ni lazima uwe safi. Na ukijua ugonjwa unapitia wapi, sema, hata kama unapitia nyumbani kwenu."

Kisha akatabasamu. "Sasa lete taulo. Moja kwa mmoja."